Kupima mwendo wa mtu anayefanya mambo mawili kwa wakati mmoja: jinsi ya kupata namba za kuaminika

Babu anatoka chumbani, anavuka ukumbi taratibu kuelekea barazani. Mjukuu anamwamkia: "Shikamoo babu." Babu anasimama, anauegemea ukuta, anaitikia "Marahaba mjukuu wangu," kisha anaendelea na safari yake. Nyumbani hilo ni jambo la kawaida. Kwa sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia ni jambo la kutazamwa kwa makini, maana mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, Sweden, walieleza katika jarida la Lancet jinsi walivyotembea na wazee 58 wa makazi ya kutunzia wazee huku wakiwaanzishia mazungumzo. Wazee 12 walisimama ndipo wakajibu. Kati ya hao 12, wazee 10 walianguka katika miezi 6 iliyofuata.

Kutembea kunaonekana kuwa kazi ya miguu, kumbe ubongo nao uko kazini muda wote. Kijana hasikii uzito huo kwa sababu umakini anao wa kutosha na wa kubaki. Mtu mwenye ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, aliyepata kiharusi, au ambaye umri umesogea, akiongezewa jambo la pili, ama mwendo unapungua, ama jibu linachelewa, ama vyote viwili. Na maisha hayatupi nafasi ya kutembea tu: mama anatoka bombani na ndoo huku anamjibu jirani, baba anavuka barabara huku anahesabu chenji aliyorudishiwa na konda.

Kwa hiyo kipimo cha namna hii kina maana kubwa. Lakini kina tabia ya kuyumba. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwambia binti wa mgonjwa mmoja, mama aliyekuwa amepata kiharusi, kwamba mama yake ameongeza kasi: alikuwa amepunguza sekunde moja na nusu. Binti alifurahi, akawapigia ndugu simu. Wiki mbili baadaye sekunde zikarudi palepale. Nilipotafuta sababu nikagundua kwamba siku ile ya furaha mama alikuja na viatu vya kufungwa badala ya kandambili, tulipima kwenye korido nyingine, na aliyeshika saa hakuwa mimi. Namba zilibadilika, mama hakuwa amebadilika. Tangu hapo sianzi kumpima mtu kabla sijajua kipimo changu kinayumba kwa kiasi gani chenyewe. Huo ndio uthabiti wa kipimo: mtu asiyebadilika apimwe mara mbili, atoe karibu jibu lilelile. Nitaeleza ninavyofanya, kwa vifaa ambavyo zahanati yoyote inaweza kuvipata.

Hatua ya 1: Tengeneza njia na usiiguse tena

Tafuta sakafu tambarare yenye urefu wa mita 14. Pima kwa tepu ya fundi, usikadirie kwa hatua. Weka alama ya selotepu ya rangi kwenye mita 0, 2, 12 na 14, na chupa ya maji iliyojaa kila mwisho ili mtu ajue anakoelekea. Mita 2 za mwanzo ni za kuchanganya mwendo, mita 2 za mwisho ni za kupunguza. Saa inahesabu zile 10 za katikati tu. Ukikosa nafasi hiyo, fupisha, lakini andika urefu uliotumia na ubaki nao mpaka mwisho wa kazi.

Wapo wanaopendelea kipimo cha kuinuka kitini, kinachojulikana kama TUG, kilichoelezwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991: mtu anainuka kwenye kiti chenye mikono, kimo cha sentimita 46 hivi, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anaketi. Ni kizuri, na kugeuka kunafichua mengi ambayo mstari ulionyooka hauyaonyeshi. Ila kiti ni sehemu ya kipimo. Benchi la leo na kiti cha plastiki cha kesho ni vipimo viwili tofauti.

Andika kila kitu kinachomgusa mtu siku hiyo: viatu, mkongojo, miwani, vazi. Kanga iliyokazwa kiunoni hufupisha hatua, nami nimeliona hilo mara nyingi. Mwenye Parkinson apimwe muda uleule tangu alipomeza dawa, kwa sababu saa moja baada ya dawa na saa tano baada ya dawa ni kama kupima watu wawili. Na kama kipimo cha kwanza kimeangukia kabla ya Ramadhani na cha pili katikati ya mfungo, ahirisha.

Usalama hauna mjadala. Tembea naye upande, nyuma yake kidogo, mkono ukiwa tayari. Ukitangulia utamwekea mwendo, ukibaki mbali hutamuwahi. Anayepata kizunguzungu akisimama, au anayelalamika kifua, asipimwe siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua jambo la pili linaloendana na watu wako

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Machapisho mengi hutumia kuhesabu kurudi nyuma kwa kutoa 7 au 3. Kwa aliyesoma, sawa. Kwa bibi ambaye hakuingia darasani, kutoa 7 kutoka 100 huku anatembea kunapima shule aliyokosa. Atasimama hata kama miguu yake ni mizima. Mwulize kwanza hesabu za fedha huwa anazifanya kwa lugha gani, kisha mpe hesabu hizo kwa lugha hiyo. Kumbuka pia kwamba namba zetu ni ndefu mdomoni. "Themanini na tisa" ni silabi saba. Ukilinganisha idadi ya majibu ya watu wako na ya watu waliohesabu kwa Kiingereza, unawaonea.

Kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani nako kuna mtego. Herufi F, A na S zilizozoeleka katika vipimo hivyo zilichaguliwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, ukimpa mtu herufi M umempa zawadi: mtu, mtoto, mzee, mwalimu, mkulima, mti, mto, mlango, anaweza kuendelea mpaka mwisho wa korido bila kufikiri. Ukimpa R, hata mwalimu atakwama. Ngeli zetu zimezijaza herufi fulani na kuziacha nyingine tupu.

Mimi hutumia makundi ya vitu: wanyama, matunda, vitu vinavyouzwa sokoni, vyombo vya jikoni. Karibu kila mtu anavijua. Lakini weka kanuni kabla hujaanza. Je, "mbuzi" na "beberu" ni majibu mawili? "Ng'ombe" na "ndama"? "Kisu, visu"? Mimi huhesabu umoja na wingi kuwa jibu moja, na dume na jike kuwa mawili kama kila mmoja ana jina lake. Unaweza kuamua vingine, mradi uamuzi uandikwe na usibadilike.

Makundi yenyewe hayalingani kwa ugumu, na mtu akirudia kundi lilelile wiki ijayo atakuwa amejikumbusha. Andaa makundi mawili. Nusu ya watu waanze na kundi la kwanza siku ya kwanza, nusu nyingine waanze na la pili. Hivyo ugumu wa kundi hautajificha ndani ya tofauti ya siku.

Kama lengo lako ni mikono, mpe kikombe kilichojaa maji mpaka sentimita moja chini ya ukingo, kikombe kilekile kwa wote. Usichanganye matokeo ya kikombe na ya kutaja majina. Hayapimi kitu kimoja.

Hatua ya 3: Andika maneno utakayosema, uyasome

Maneno ya mpimaji hubadilisha mwendo wa mpimwaji. Ukisema "usisimame" tayari umemwambia aweke miguu mbele ya jibu. Ukisema "jitahidi utaje vingi" umemwambia kinyume chake. Karatasi yangu inasema hivi:

"Mama, nikisema 'haya', tembea mwendo wako wa kawaida mpaka kwenye ile chupa ya mwisho. Ukishaanza kutembea nitakutajia aina ya vitu, nawe unitajie majina yake mengi kadiri utakavyoweza. Fanya yote mawili vizuri kadiri uwezavyo."

Kundi linatajwa ndani ya zile mita 2 za mwanzo. Ukilitaja akiwa bado amesimama, atakupangia orodha kichwani na mita 10 zitapita akisoma tu alichopanga.

Na kuna jambo ambalo wale wa Umeå pengine hawakulazimika kulifikiria. Kwetu mtu mzima akiongeleshwa, kusimama na kumtazama anayeongea ni adabu. Bibi niliyemfuata korido nzima alisimama kila nilipomsemesha; nilipomwuliza akanijibu, "Mwanangu, nitakujibuje huku nimekupa mgongo?" Miguu yake haikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo salamu zote ziishe kabla, mtu aketi, anywe maji, na umweleze wazi kwamba leo akikujibu huku anatembea hajakukosea heshima. Ukiruka hatua hii utawaandika watu wenye adabu kuwa watu wa kuanguka.

Hatua ya 4: Mpangilio wa mizunguko

Kila mtu afanye mambo matatu: kutembea tu, kutaja majina akiwa ameketi, na kutembea huku anataja. La pili wengi hulisahau. Bila hilo hutajua kama mtu amelinda mwendo kwa kuacha kujibu. Nimeona wazee wanaotembea kasi ileile kabisa katika mizunguko yote. Ukisikiliza sauti iliyorekodiwa kwenye simu, walitaja vitu viwili tu. Gharama waliilipa upande wa pili.

Muda wa kuketi ulingane na muda wa kutembea. Mtu akianza kutaja majina, sekunde za kwanza huwa na mavuno mengi kisha kasi inashuka. Kama alitembea kwa sekunde 12, hesabu majibu ya sekunde 12 za mwanzo alizokuwa ameketi.

Tupa shilingi kuamua kipi kianze, kutembea tu au kutembea na jambo la pili, ili uchovu na mazoea visielemee upande mmoja. Mzunguko mmoja wa kujaribu usiohesabiwa, kisha mitatu ya kuhesabiwa kwa kila aina, na mapumziko ya kuketi katikati. Chukua wastani wa ile mitatu. Mzunguko mmoja peke yake huyumba mno.

Wanaotaka kupima jinsi hatua moja inavyotofautiana na nyingine, si kasi tu, wajue kwamba mita 10 hazitoshi. Humo mtu mzima anapata mizunguko ya hatua minane hivi, na tofauti za ndani huhitaji makumi. Hao watafute njia ndefu au watembeze watu dakika kadhaa.

Hatua ya 5: Anza na nyie wenye saa

Kabla ya kurudia watu, jipimeni. Wawili mshike saa, msimame mbalimbali, msionane skrini, mpime mtu mmoja kwa mzunguko mmoja. Kubalianeni saa inaanza lini: mimi hubonyeza ncha ya mguu wa kwanza inapovuka mstari wa mita 2, na kusimamisha ncha ya mguu wa kwanza inapovuka mstari wa mita 12. Simameni sambamba na mstari, kwa sababu ukiutazama kwa pembeni unauona umesogea. Mkitofautiana zaidi ya nusu sekunde mara kwa mara, rudieni mazoezi kabla hamjamsumbua mgonjwa hata mmoja.

Hatua ya 6: Rudia baada ya wiki moja au mbili

Watu walewale, saa ileile ya siku, njia ileile, mpimaji yuleyule. Wiki moja mpaka mbili inatosha: si karibu kiasi cha kukumbuka majibu, si mbali kiasi cha kupona au kuzidiwa. Mwulize kila mtu kama ameanguka, ameugua au amebadilishiwa dawa tangu siku ile. Aliyebadilika hali aondolewe kwenye hesabu hii, maana uthabiti hupimwa kwa wasiobadilika.

Watafiti wengi huanzia watu 30, na 50 ni bora zaidi. Wawe watu wa aina unayowatibu. Ukichanganya wanafunzi wa miaka 20 na wazee wa miaka 80, matokeo yatapendeza kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Hatua ya 7: Hesabu

Mfano huu ni wa watu 6 wa kubuni, kwa ajili ya kujifunza tu. Ni sekunde za mita 10 wakitembea huku wanataja majina, siku ya kwanza na ya pili:

A: 12.4, 11.8 (tofauti -0.6)
B: 15.1, 15.9 (+0.8)
C: 10.2, 10.0 (-0.2)
D: 18.6, 17.0 (-1.6)
E: 13.3, 13.7 (+0.4)
F: 21.0, 19.8 (-1.2)

Kwanza, wastani wa tofauti: jumla ni -2.4, gawa kwa 6, unapata -0.4. Kundi zima limeongeza kasi kidogo siku ya pili. Hiyo ni dalili ya mazoea. Ikiwa kubwa, ongeza mizunguko ya kujaribu.

Pili, mchepuko wa tofauti hizo. Toa -0.4 katika kila tofauti, zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha: 4.24. Gawa kwa 5 (idadi ya watu ukitoa mmoja), unapata 0.848. Kipeuo chake cha pili ni 0.92.

Tatu, gawa 0.92 kwa 1.41. Hilo ni kosa la kipimo: sekunde 0.65. Nne, zidisha 0.92 kwa 1.96. Unapata sekunde 1.8, na hii ndiyo namba ya kubandika ukutani. Mtu akibadilika chini ya sekunde 1.8, huwezi kusema kwa uhakika kwamba amebadilika. Huenda ni kuyumba kwa kipimo tu.

Kama unaandika tasnifu, msimamizi wako atakudai pia ICC (intraclass correlation coefficient), na ana haki. ICC hueleza ni sehemu gani ya tofauti zote inatokana na watu wenyewe kutofautiana, si kipimo kuyumba. Kwa mwongozo wa Koo na Li wa mwaka 2016, chini ya 0.5 ni hafifu, 0.5 mpaka 0.75 ni ya wastani, 0.75 mpaka 0.9 ni nzuri, juu ya hapo ni bora sana. Andika ni aina gani ya ICC uliyotumia, kwa sababu ziko kadhaa na hazitoi jibu moja. Na ile sababu niliyoahidi ni hii: ukiwachanganya vijana na wazee, tofauti kati ya watu inakuwa kubwa, ICC inapaa, ilhali kosa la sekunde 0.65 halijapungua hata kidogo. Ndiyo maana ICC isiwekwe peke yake kwenye jedwali.

Usiridhike na uwiano wa kawaida (correlation) kati ya siku mbili pia. Watu wote wakipunguza sekunde 3 kamili siku ya pili, uwiano huo utabaki 1, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanatakwimu Bland na Altman walilionya jambo hili mwaka 1986, nami bado nakutana nalo kwenye tasnifu kila mwaka.

Hatua ya 8: Tahadhari na asilimia ya gharama

Wengi hupenda namba moja: gharama ya jambo la pili. Toa muda wa kutembea tu kwenye muda wa kutembea na jambo la pili, gawa kwa muda wa kutembea tu, zidisha kwa 100. Sekunde 10 zikawa 12, gharama ni asilimia 20.

Sasa mtu huyohuyo arudi wiki ijayo, atembee kwa 10.5 na 11.8. Mabadiliko madogo, yote ndani ya kuyumba kwa kawaida. Gharama yake sasa ni asilimia 12. Familia itaambiwa amepata nafuu kubwa! Asilimia hiyo imebeba makosa ya vipimo viwili kwa pamoja, kwa hiyo huyumba kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Tena ukikokotoa kwa kasi badala ya muda, ile 20 ya kwanza inakuwa 17, maana mita 1.0 kwa sekunde imeshuka kuwa 0.83. Chagua njia moja, itaje, na mgonjwa mmoja mmoja mfuatilie kwa sekunde zake zenyewe. Asilimia iache kwa ajili ya kulinganisha makundi.

Ukirudi kwa mgonjwa

Sema mzee wako alianza na sekunde 17.0, baada ya mwezi wa mazoezi ana 15.6. Tofauti ni 1.4, na ukutani pameandikwa 1.8. Kwenye faili naandika namba zote mbili, idadi ya majibu aliyotoa, viatu alivyovaa, na nani alishika saa. Kisha nazungumza na familia hivi: "Mwelekeo unatia moyo, ila bado siwezi kusema kwa uhakika. Tutampima tena tarehe fulani, asubuhi kama leo. Tafadhali aje na viatu hivihivi."

Yule binti wa mama wa kiharusi nilimwita nikamweleza nilipokosea. Tulimpima mama upya kwa utaratibu huu kwa miezi mitatu, na safari hii simu kwa ndugu ilipigwa baada ya kipimo cha tatu.